Saa ya Mjomba

Mie msimamo wangu nimeshausema kwenye kikoba, nimeusema jumuiyani, na mkiniuliza kesho nitausema tena: mtoto wa darasa la nne hana miadi na mtu. Shuleni kengele anapigiwa, chakula anapakuliwa, na kitandani anafukuziwa. Sasa saa ya dhahabu mkononi ya nini? Anamchelewea nani?

Lakini kusema ni rahisi. Ngoja mleta saa awe kaka yako wa tumbo moja, tena kwa watu wa kusini kama sie, ambao mjomba ndiye mwenye mtoto na baba ni msindikizaji tu. Hapo ndipo utajua mdomo wako una nguvu kiasi gani. Wangu niliuona unavyofunga.

Ilikuwa komunyo ya kwanza ya binti yangu, hapa hapa mtaani kwetu Chang'ombe. Tulifunga turubai kutoka ukuta wetu hadi ukuta wa jirani, tukapanga viti vya kukodi, tukamweka mtoto meza ya mbele ndani ya gauni jeupe nililolishona mwenyewe. Mie ni fundi cherehani, nashonea barazani, na gauni lile nililitarizi mpaka macho yakauma. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Masasi na kiroba cha korosho. Baba alibaki nyumbani kulinda mikorosho, akatuma salamu kwamba mke wake mdogo asile keki yote. Mke mdogo ndiye binti yangu. Ndivyo babu na bibi wanavyotaniana na wajukuu kwetu: mjukuu wa kike ni mke wa babu, na kwa bibi yake ni mke mwenza.

Ukafika muda wa zawadi. Mnajua wenyewe jinsi shughuli zetu zilivyo, zawadi haikabidhiwi kimya kimya kama rushwa. MC anaita kundi, muziki unafunguliwa, watu wanakuja wakicheza na zawadi kichwani. Majirani wakaja na ndoo na mabeseni. Jumuiya wakaja na blanketi na rozari. Shangazi zake wakaja na begi la shule limejaa madaftari, wakalizungusha chini ya turubai kama bibi harusi. Mjomba mtu hatujamwona.

Sikushangaa. Kaka yangu hajawahi kufika mahali kabla watu hawajakaa. Anaishi Bunju, kajenga huko nyumba ya geti la umeme, na akija Chang'ombe anapiga honi tangu kona ya kwanza mpaka mbuzi wa jirani wajue nani kaja. Ni mtu mwema, msinielewe vibaya. Cherehani ninayoshonea kaninunulia yeye, na siku ya posa yangu yeye ndiye aliyekaa mbele akanisemea. Ila kujionyesha kuko kwenye damu, na hajawahi kutafuta dawa yake.

Basi akaingia wakati MC anakaribia kufunga. Suti ya rangi ya maziwa, miwani, viatu vinavyong'aa. Mkononi kashika boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na boksi, na ndani ya hilo boksi jingine, na MC kila likifunguliwa moja anapiga kelele, "Bado! Bado, jamani, tulieni!" La mwisho likafunguliwa, MC akakinyanyua juu kile kitu kikamulikwa na taa.

"Saa!" akapayuka. "Na hii haijatoka Kariakoo, wapendwa! Hii imepanda ndege!"

Wifi zangu wakapiga vigelegele. Mie nilipiga makofi mawili, ya heshima.

Kaka akamvalisha mpwa wake mbele ya watu wote. Ilimkaa sawasawa, maana alishampelekea fundi saa akaipunguza mkanda, ule mkono mwembamba kama mpini wa mwiko ukameremeta. Halafu akaomba kipaza sauti. Nikajua tumekwisha.

"Huyu ni mpwa wangu," akasema. "Nataka akipita Chang'ombe watu wajue ana mjomba. Saa hii asiivue. Na yeyote atakayeivua kwenye mkono huu, ajue kanivua nguo mimi hadharani."

Watu wakashangilia. Baba watoto akaninong'oneza, "Hapo kakumaliza." Kweli kanimaliza. Kauli ya mjomba mbele ya shughuli haifutwi na mama mtoto, labda nitake tuitwe kikao cha ukoo.

Siku za mwanzo mtoto alifurahi, sitadanganya. Alikuwa akikutajia saa hata hujamuuliza. Kanisani wakati wa kutakiana amani alitoa mkono wa kushoto kwa watu wote, mpaka katekista akamwambia, "Mwanangu, amani tumeipata, kaa." Mtaani watoto walimfuata nyuma, "Saa ngapi? Sasa hivi je?" naye anajibu kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Nilikuwa nikicheka huku nimenuna.

Shida ilianza kwenye rede.

Kama hukukulia huku kwetu nikueleze. Wachezaji wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, wanakutupia wewe uliye katikati. Wewe unakwepa, na hapo hapo unajaza mchanga kwenye chupa. Ukipigwa, umetoka. Ukiijaza chupa mpaka mdomoni ukapaza sauti "rede!", umeshinda na umewaokoa wenzako wote waliokwishatoka. Sasa binti yangu darasani ni wa kawaida tu, hesabu tunasukumana, lakini mwacheni katikati ya rede! Anajikunja, anaruka, anachota mchanga huku kapita chini ya mpira. Mtaa mzima walimwekaga wa mwisho, kwa sababu yeye ndiye muokoaji. Kile ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani kilichomfanya mtu.

Na rede haichezwi na saa ya dhahabu. Mchanga utaingia, mpira utaipiga. Kuivua hawezi, mjomba kasema. Na hata angeivua aiweke wapi? Nyumba zetu hizi mlango unabaki wazi kutwa, wateja wanaingia wanatoka. Basi akawa anakaa kwenye ngazi ya baraza yangu, mkono kaulaza mapajani kama mtu aliyefungwa plasta, anatazama wenzie.

Mwanzoni walimwita. "Njoo basi, ficha kwenye soksi!" Baadaye wakamwambia akae awahesabie muda. Baadaye zaidi wakamtafutia mwingine wa kusimama mwisho, kasichana ka nyumba ya tatu ambako hata kukwepa hakajui, kanafumba macho. Binti yangu alikuwa anaumia kukaona. Alikuwa akipiga kelele toka kwenye ngazi, "Inama! We, inama!" halafu anaitazama ile saa kwa chuki.

Jioni moja naye anaosha vyombo kwa mkono mmoja, mwingine kauinua juu usilowe, akaniuliza, "Mama, hivi saa inaishaga lini?"

"Inaishaje?"

"Si inaishaga betri? Ikifa naruhusiwa kuvua?"

Nikamwambia ile haina betri, inajijaza yenyewe mtu akitembeza mkono. Uso wake ulivyoshuka, jamani. Tangu siku hiyo akawa hautembezi ule mkono. Analala ameunyoosha, anakula kwa mkono wa kulia tu, anatembea bega moja limekakamaa, akisubiri saa ife. Roho iliniuma nikasema sasa basi.

Nikampigia kaka. Kaka yangu hapokei simu mpaka ageuze iwe ya video, na kabla ya salamu ananiambia, "Hebu nionyeshe mkono wa mpwa wangu." Nikamwambia shikamoo kwanza. Akaitika. Nikamwambia mtoto hachezi.

"Acheze. Nani kamkataza?"

"Acheze nayo mchangani?"

"Mchangani? Wee! Una akili timamu?"

"Sasa acheze wapi, kaka? Hewani?"

Akaniambia Bunju watoto wanacheza ndani, kuna vidude vya kuchezea kwenye televisheni, na kama ishu ni mchezo atamletea. Nikamwambia mtoto ana mchezo wake. Akaniambia nisimshushe mpwa wake. Nikakata, nikasema mtandao umekatika. Cherehani siku ile ilikimbia peke yake, nilishona pindo la sketi ya mteja mpaka nikalipitiliza.

Baba watoto nilipomgeukia alinyanyua mikono. "Mie mambo ya mjomba simo. Nilionywa siku ya posa." Kisha akajifanya anatafuta rimoti.

Mama yangu wakati wote huo alikuwa pale pale kwenye mkeka wake, anamenya mihogo. Alikuja kwa komunyo mwisho wa mwaka, Kwaresima ikamkuta, akasema ataondoka baada ya Pasaka. Hakusema neno juu ya saa hata siku moja. Nikawa namkasirikia na yeye. Nilijisemea moyoni, mtoto wake wa kiume huyo, bila shaka anaona fahari.

Ikaja Jumapili ya Matawi. Wasichana wa mtaa wetu walikuwa wamewekeana mechi na wa mtaa wa nyuma ya magodauni, ugomvi wa muda mrefu, na atakayeshindwa awanunulie wenzie ubuyu. Tangu Ijumaa binti yangu hakula vizuri. Baada ya Misa tulirudi na makuti yetu. Yale yaliyobarikiwa mama akayachomeka juu ya mlango, na yale ambayo padri hakuyafikia kwa maji, tuliyoyabeba ya ziada, akayaweka kando ya mkeka asukie misalaba. Nje uwanja ulishaanza kujaa. Mtoto akabadili nguo, akaketi kwenye ngazi yake, mkono mapajani.

Mama akaweka kisu chini.

"We mke mwenzangu," akamwita, kwa sauti ya kugombana. "Hebu simama hapa."

Mtoto akasimama.

"Mie na wewe tuna mume mmoja, si ndiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo dhahabu umeivaa tangu lini? Krismasi umeivaa wewe. Mwaka Mpya umeivaa wewe. Kwaresima nzima unameremeta, na mie mke mkubwa nimekaa hapa na mihogo na mkono mtupu. Huo ndio usawa kwenye ndoa? Nasema zamu! Leo ni zamu yangu. Lete hapa, mchoyo mkubwa we!"

Akamshika mkono, akaifungua ile saa kwa kucha, kacha, akaivaa. Na kwa kuwa mama naye kakonda kwa shamba na uzee, ilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye.

Mtoto akanitazama mie. Nami ghafla nikawa na kazi kubwa ya kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nalia na kucheka, uzi hauingii. Nani atamgusa? Mtani akichukua hajaiba, na anayekasirikia utani ndiye anayetozwa. Mjomba ana nguvu zote kwetu, lakini kati ya bibi na mjukuu wake hata mjomba hapiti.

"Unangoja nini?" mama akamkemea mke mwenzie. "Unataka na viatu nivichukue?"

Viatu aliviacha mwenyewe, kimoja kwenye ngazi na kingine njiani.

Jamani, mnajua furaha? Mie niliisikia kabla ya kuiona. Watoto wa mtaa wetu walipomwona anakuja mikono mitupu walipiga ukelele ambao hata siku ya komunyo haukupigwa. Wakamrudisha mahali pake, wa mwisho. Wenzie wakatoka mmoja mmoja, maana wale wa magodauni wana mikono, halafu akaingia yeye na chupa. Nikaacha cherehani nikasimama.

Hapo ndipo nikasikia honi. Kona ya kwanza. Mbuzi wa jirani akainua kichwa.

Nikasema, Mungu wangu, leo pia?

Kaka hakuwa peke yake. Kaleta rafiki zake wawili wa Bunju, watu wa miwani kama yeye, eti wamepita kunisalimia Jumapili hii tukufu. Nilielewa. Kawaleta waione saa. Akashuka, akawaelekeza kwa mkono, "Na yule ndiye mpwa wangu niliyewa..." Akakwama. Mpwa wake yuko katikati ya vumbi, peku, mchanga hadi magotini, anapita chini ya mpira na chupa mkononi. Mkono mtupu.

"Saa iko wapi?"

Mpira ukasimama. Mtoto akaganda pale katikati, nikauona uso wake ukirudi kuwa ule wa kwenye ngazi, nami nikasema moyoni, akimtoa pale leo mie na kaka yangu tumeachana.

"Nimeuliza saa iko wapi!"

"Huku," mama akasema kutoka mkekani, akainua mkono. Iling'aa vizuri tu, na unga wa mihogo.

"Mama! Mie nilisema mbele za watu, atakayeivua kanivua nguo."

"Nguo zako si ndiye mie niliyekuwa nazivua nikikuogesha? Leo nd'o umepata cha kunificha?"

Rafiki zake wakainamisha vichwa. Mmoja alikuwa anatingishika mabega.

"Nimeichukua kwa mke mwenzangu," mama akaendelea, hana haraka, "ni zamu yangu, na wewe ni mtoto wangu, huingii kwenye ugomvi wa wake za baba yako. Unataka mpwa wako apate saa? Mkomboe. Ukuti huo hapo. Suka."

Kaka akautazama ule ukuti kana kwamba kaonyeshwa nyoka. Mie nikacheka kwa sauti, maana nilishasahau! Tulipokuwa wadogo kule Masasi, kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wa saa za ukuti. Alizisuka na mkanda wake na uso wake na mshale wa kijiti, anatuvalisha watoto wa kitongoji kizima, na yeye mwenyewe anazivaa kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, anatembea kautanguliza mkono. Majigambo hayakuanzia Bunju.

Akaketi kwenye ukingo wa mkeka na suruali yake ya maana. Jani la kwanza lilimpasukia. La pili akalikosea, akalifumua. La tatu vidole vikakumbuka. Rafiki zake wakachuchumaa kutazama, watoto wakazunguka, hata wale wa magodauni. Alikuwa anasuka kainama, na bila kuniangalia akasema, taratibu, "Zile zilikuwa zinanyauka jioni. Unakumbuka? Kila jioni unakuja unalia, imenyauka. Nikasema mie nikizipata hela, wa kwetu nitamnunulia isiyonyauka."

Hasira zangu zote nilizozitunza tangu komunyo zikaisha pale pale. Zilitoka nikashindwa hata kuzikamata. Nikamwambia, "Kaka, nilikuwa nalia, lakini asubuhi si unanisukia nyingine."

Akakaza fundo, akamwita mpwa wake, akamfunga mkononi. Mtoto akaitazama, akaigeuza, akauliza, "Naruhusiwa kuingia nayo katikati?"

"Ingia," mjomba akasema. "Wahi, kabla hawajasema umekimbia."

Ile ya dhahabu, kwa taarifa yenu, mama aliondoka nayo baada ya Pasaka. Anaivaa shambani. Baba anasema tangu mkewe apate saa hapiki kwa wakati.

Mpira ukaanza tena. Chupa ilikuwa imebaki kidole kimoja ijae. Binti yangu akainama kuchota, yule mrushaji wao mkubwa akaachia mpira kwa nguvu zake zote, mtoto akajivuta kiuno, akapona, ila mkono ulichelewa. Mpira ukaipiga ile saa ya ukuti, ikafumuka, majani yakaruka.

"Katokaaa!" wa magodauni wakalipuka. "Kapigwa! Tumeona!"

"Hajapigwa!" wa kwetu nao. "Imegusa saa!"

Na kabla hata ya mie kufungua mdomo, nikamwona mtu mzima wa suti anakata uwanja, viatu vinazama mchangani, kidole juu, mishipa ya shingo imemtoka kwa uchungu wa haki.

"Saa si mtoto!" kaka yangu alikuwa anafoka. "Nani kawaambia saa ni mtoto? Saa ni saa tu, imekatika, itasukwa nyingine! Mtoto mwenyewe huyu hapa, hajaguswa!"

Nikamgeukia mama. Alikuwa kafunika mdomo kwa ule mkono wa saa, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Walibishana sana, ila nani atamshinda mjomba? Wakakubali. Wakamrudisha katikati.